Hanta, panya na vumbi la stoo: maswali mnayouliza sana watu wa Dodoma

Msimu wa mavuno ukifika, kuanzia mwezi wa tano hivi mpaka wa saba, meseji za panya zinakuwa nyingi, na tangu habari za hanta zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ndo kabisa, mtu anakuforwadia voisi ya dakika sita halafu anauliza "hii ni kweli?". Sisi tunaopita na elimu ya afya mitaani na masokoni tumeona bora majibu yakae sehemu moja. Mengine marefu, mengine sentensi mbili, usitafute sana mpangilio.

Hivi hanta ni ugonjwa au ni mdudu?

Ni virusi, tena ni ukoo mzima wa virusi wanaoishi ndani ya panya. Panya mwenyewe haumwi, anatembea navyo maisha yake yote yuko fiti, anazaa, anakula mahindi yako, na kila akikojoa anavimwaga. Jina limetoka kwenye mto Hantan wa Korea Kusini. Kwenye vita ya Korea, kati ya 1951 na 1953, askari zaidi ya elfu tatu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa waliugua homa kali, wengine wakatokwa damu na figo zikagoma, madaktari wakabaki wanashangaa, mpaka miaka ya 1970 mtafiti Mkorea Ho Wang Lee alipovipata virusi vyenyewe kwenye mapafu ya panya wa mashambani.

Virusi hivi vikiingia kwa binadamu vinavuruga mishipa midogo kabisa ya damu, inaanza kuvuja. Vya Asia na Ulaya vinaumiza zaidi figo, na vifo vinatofautiana sana kutegemea aina, kuna ile ya Finland kule wanapata wagonjwa elfu moja mpaka elfu tatu kwa mwaka na wanaokufa ni chini ya mmoja kwenye mia, na kuna nyingine inafika hata 15 kwenye mia. Vya Marekani na Amerika Kusini vinakwenda kwenye mapafu na moyo, hivyo ndo vibaya, karibu wanne kati ya kila kumi waliofika hatua ya kubanwa pumzi wanakufa.

Ni kweli imemuua mke wa yule muigizaji wa Hollywood?

Ndio. Betsy Arakawa, mke wa Gene Hackman, Februari 2025, nyumbani kwao Santa Fe, jimbo la New Mexico. Mumewe alifariki siku chache baadae kwa ugonjwa wa moyo, yeye hakuwa na hanta. Sehemu ile ya Marekani ina historia na hanta, tutaigusa huko chini. Ila msichukue kifo kimoja cha Santa Fe mkadhani kesho kitabisha hodi Nkuhungu. Marekani yote, kuanzia 1993 mpaka mwisho wa 2022, walihesabu wagonjwa 864. Miaka karibu thelathini hiyo. Ni ugonjwa wa nadra, ila ukimpata mtu unampata kweli.

Sasa na huku kwetu upo au haupo? Tupeni jibu la moja kwa moja

Hakuna mlipuko wa hanta uliotangazwa na Wizara ya Afya hapa Tanzania. Hilo ndo jibu la moja kwa moja.

Ila ukoo wenyewe upo Afrika. Mwaka 2006 watafiti walitangaza virusi vya kwanza vya hanta vya Kiafrika, vilipatikana kwa panya wa msituni huko Guinea, vinaitwa Sangassou, na baadae watu wa kule wakakutwa na alama kwenye damu kwamba walishawahi kukutana navyo. Na hapa kwetu, 2014 zilitoka taarifa za virusi viwili vipya vya ukoo huo huo kwenye kirukanjia, wale wadogo wenye pua ndefu ambao hata paka akiwaua hawali, vikaitwa Kilimanjaro na Uluguru kwa sababu ya milima walikokamatwa. Hamna binadamu aliyethibitishwa kuumwa kwa hivyo viwili. Halafu kuna aina inaitwa Seoul, hiyo inabebwa na panya wakubwa wa mitaroni na bandarini, wanasafiri na meli, ndo maana imeshaonekana karibu kila bara.

Kwahiyo mtu akikuambia "hanta haiwezi kufika Afrika" mwambie imezaliwa huku nyingine, na mtu akikuambia "Dodoma imejaa hanta" muulize nani kapima.

Kama haijatangazwa mbona mnatusumbua na habari za panya?

Kwa sababu mkojo wa panya hauna kitu kimoja tu ndani. Julai 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa, kutokwa damu puani, taharuki nchi nzima, wengine wanasema ebola. Ikaja kujulikana ni leptospira, ile waliyoiita homa ya mgunda, wagonjwa 20 na vifo 3 wakati inatangazwa. Ile ni bakteria na ina dawa, sio hanta, ila chanzo kinafanana, mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Lushoto nao walihangaika na tauni miaka ya 1980 na 1990, hiyo inapita kwa viroboto wa panya. Usafi unaokukinga na hanta unakukinga na hao wengine kwa sehemu kubwa, ndo sababu tunausemea hata kama uwezekano wa hanta yenyewe ni mdogo.

Mbukwenyi. Mimi nina stoo ya mahindi na alizeti, panya wamejaa. Inaingiaje hasa mwilini?

Mbukwenyi mama. Kikubwa ni pumzi. Panya anakojoa kwenye magunia, kwenye mbao, kwenye sakafu, mkojo unakauka na kinyesi kinakauka, unabaki unga unga ambao hauuoni. Siku umeingia na fagio la chelewa, mlango umefungwa kuku wasiingie, umefagia kwa nguvu, ule mwanga wa tundu la bati ukaonyesha vumbi linacheza hewani. Hilo vumbi unalivuta, na kama kulikuwa na panya mwenye virusi basi umevivuta navyo. Ndivyo wengi walivyopata huko nje, kwa kusafisha stoo, banda au nyumba iliyofungwa muda mrefu.

Njia nyingine zipo ila hazina uzito huo. Kushika kinyesi au kiota cha panya halafu ukajishika pua, mdomo au jicho. Kula chakula alichokojolea. Kuumwa na panya, hiyo hutokea mara chache sana. Mbu hahusiki, kunguni hahusiki.

Panya gani wabaya? Wa darini au wa shamba?

Kila aina ya hanta ina panya wake inayempenda, huwezi kumtambua kwa macho, na wewe hutakiwi kumtambua, chukulia wote ni wachafu. Ila kwa kujua tu: huku katikati ya nchi tuna panya shamba, yule wa kahawia ambaye jike ana chuchu nyingi kama nguruwe, mimba yake ni siku 23 hivi na anaweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja. Mvua zikiwa nzuri na chakula kikiwa kingi analipuka, halafu mazao yakivunwa anafuata yalipokwenda, yaani kwako. Huko Afrika Magharibi panya huyu huyu ndo anaeneza homa ya Lassa, wa kwetu amekutwa na ndugu yake Lassa anayeitwa kirusi cha Morogoro ambacho hakijulikani kumuumiza mtu. Wataalamu wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamemfuatilia kwa miaka mingi, nchi hii kwenye elimu ya panya hatuko nyuma kabisa, ndo huko huko panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu.

Wa darini ni mwingine, mweusi mweusi mwenye mkia mrefu, anapanda ukuta kama hana uzito.

Na hiyo habari ya mvua sio ya kwetu tu. 1993 kule yanapokutana majimbo ya Arizona, New Mexico, Utah na Colorado, vijana wazima kabisa, wengi wao wa jamii ya Navajo, walianza kufa kwa kubanwa na kifua ghafla. Kabla ya hapo eneo lile kavu lilikuwa limepata mvua na theluji nyingi kuliko kawaida, vyakula vya porini vikajaa, na panya wakawa kama mara kumi ya mwaka uliotangulia. Dodoma ni kavu vilevile, na ukiongea na mzee yeyote wa Bahi au Kongwa atakuambia mwaka wa neema ndo mwaka wa panya.

Kwahiyo nisifagie? Nitasafishaje sasa?

Usifagie pakavu. Hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndo kwenye kazi yenyewe.

Fungua milango na madirisha yote halafu ondoka, nusu saa nzima, nenda kachemshe chai. Usibaki umesimama mlangoni unaangalia. Ukirudi uwe na glovu za mpira, na kama hamna funga mikono na mifuko ile ya mkate au ya chumvi. Tengeneza maji ya jiki, kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe tisa vya maji, ya siku hiyo hiyo, ya jana mwaga kwa sababu nguvu inakuwa imepungua. Usichanganye jiki na dawa ya choo ile ya asidi eti iwe kali zaidi, ule moshi wake unaweza kukulaza kabla hata ya panya.

Sasa lowanisha. Chukua chupa ya maji toboa kifuniko kwa msumari wa moto, mwagia taratibu juu ya kinyesi, kwenye viota, kwenye kona zenye alama za mkojo. Taratibu, usipige kwa bomba la kupulizia dawa ya pamba lenye presha, utarusha vumbi lile lile unalolikimbia, na lile bomba lina sumu ya shamba ndani. Acha dakika tano. Kinyesi kikilowa kinakuwa laini kama punje ya wali uliolala, hapo okota kwa karatasi au tambara, tia kwenye kiroba, kiroba kwenye kiroba kingine kwa sababu rambo ndo hivyo zilipigwa marufuku tangu 2019, funga, choma au fukia. Ndipo unadeki sakafu nzima na maji ya jiki. Glovu zioshe kwa sabuni zikiwa bado mkononi, vua, osha mikono tena. Nguo ulizovaa zilowekwe kwa omo ya maji ya moto.

Sabuni ya kawaida nayo inafanya kazi maana virusi hivi vina gamba la mafuta, sabuni inalivunja. Kwahiyo kama jiki haipo usiseme basi nifagie tu, lowanisha na maji ya omo mazito.

Juu ya barakoa, zile za bluu za korona zinasaidia kidogo ila hazishiki vumbi jembamba, khanga usoni haisaidii kitu. Kama stoo imeoza panya kabisa tafuta zile ngumu zinazobana uso, N95, ila maji ndo ya kwanza, barakoa inafuata.

Jua la Dodoma haliui virusi?

Linaua. Nje juani havichukui muda, ndani kwenye kivuli vinaweza kukaa siku mbili tatu. Kwahiyo magunia, majamvi, magodoro ya geto, toa nje asubuhi yapigwe jua mpaka jioni. Ila usiyakung'ute ukiwa umeyakumbatia, yaweke kwanza juani, kama yana alama yalowanishe, kukung'uta baadae na upepo uwe mgongoni kwako.

Mahindi yamekojolewa na panya, nitupe gunia zima?

Hapana mama, hakuna anayeweza kukuambia utupe gunia zima bei ikiwa hivi. Lililotoboka na kuloa mkojo pale pembeni, ile sehemu yenye harufu na punje zilizogandana, hiyo toa, usimpe hata kuku. Zilizobaki anika juani, chagua kinyesi ukiwa na glovu, pepeta nje upepo ukipuliza kutoka nyuma yako ili makapi yaende mbele. Kabla ya kupeleka mashine osha na kausha. Moto wa ugali unamaliza virusi.

Na ukishaona punje zimegandana au zina ukungu ogopa kitu kingine kabisa, sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa sumukuvu ya mahindi na moto hauitoi ile. Panya wanatoboa gunia, unyevu unaingia, ukungu unafuata.

Mimi nalaza mahindi chumbani, stoo sina. Ni hatari?

Ni hatari kuliko mengine yote uliyouliza, kusema ukweli. Tunajua kwanini watu wanafanya hivyo, wizi, na wengine nyumba ni ya vyumba viwili. Lakini unalala masaa nane umeweka kichwa karibu na chakula cha panya. Kama hamna namna, magunia yasigusane na ukuta, yapandishe kwenye mbao au matofali, uweze kuona chini yake na kupita nyuma yake. Ile mifuko ya plastiki ya kuzuia wadudu ni mizuri kwa dumuzi, panya anaitafuna vizuri tu. Kihenge cha bati ndo jibu, ni gharama mara moja. Na wenye vilindo na vihenge vya asili vya kwenye nguzo, kila nguzo ivishwe bati lililokunjwa kama faneli limeinamishwa chini, panya akifika pale anateleza, na kihenge kiwe juu mita moja au zaidi, miti na kuni zisiegemee.

Nyumba yetu ya tembe, panya wako kwenye paa la udongo. Tubomoe?

Msibomoe. Tembe ni nyumba nzuri kwa hili joto, tatizo ni matundu. Panya mdogo anapita tundu ambalo penseli inapita, yaani milimita sita hivi. Chukua stilwaya ya kuoshea masufuria, shindilia tundu, juu yake ziba na udongo uliochanganywa na saruji kidogo, stilwaya haing'atiki. Ukiziba wakiwa wamelala ndani utawafungia humo wanuke, kwahiyo tega kwanza wiki moja, ndo uzibe.

Dari la jipsamu limechafuka madoa ya njano na linanuka, fundi anataka kulikata leo

Mwambie asubiri. Hili swali limekuwa jingi tangu mji upanuke, viwanja vya Nzuguni, Ihumwa na Mtumba vilikuwa mashamba ya juzi tu, panya hawajahama, ninyi ndo mmewahamia. Fundi akikata jipsamu kavu lenye miaka miwili ya mkojo wa panya anavuta lote usoni, na watoto wako chini wanaangalia. Toeni watu, fungueni madirisha, loweshe ubao kutoka chini kwa maji ya jiki mpaka uwe mzito, akate vipande vidogo akishusha, asivunje kwa nyundo. Na alipwe za barakoa nzuri, sio kumwambia ajifunge shati.

Paka anasaidia? Na gundi? Na sumu?

Paka anapunguza, ila akikuletea panya kitandani umerudi pale pale. Yeye mwenyewe hajulikani kuwapa watu hanta.

Gundi hatuipendi. Panya aliyenasa anahangaika usiku kucha, anakojoa na kunya kwa woga, asubuhi unamshika akiwa hai. Mtego wa kubana wa elfu mbili tatu unamaliza papo hapo, weka karanga iliyosagwa au dagaa, utege kandokando ya ukuta maana panya hakatizi katikati ya chumba. Sumu ina kazi yake kwenye maghala makubwa, nyumbani inaleta shida mbili, watoto na kuku wanaikuta, na panya anaenda kufia darini. Zile za kwenye karatasi zisizo na lebo wanazotembeza stendi tafadhali achaneni nazo, kuna watu wamezinywa na kuna watoto wamezilamba.

Panya aliyekufa usimshike mkia kwa vidole kama mnavyofanya. Mmwagie jiki, acha dakika tano, viroba viwili, fukia kama mita moja mbwa asifukue.

Dalili zake ni zipi?

Homa ya ghafla, uchovu wa kukulaza, kichwa, na maumivu ya misuli mikubwa, mapaja, nyonga, mgongo, mabega, watu wengi wanasema kama wamepigwa. Tumbo linaweza kuuma, kutapika, kuharisha. Mafua na koo kuwasha mara nyingi hayapo, hiyo inasaidia kutofautisha na vumbi la kawaida au flu. Ile ya figo inaweza kuleta uso mwekundu, macho mekundu, kuona ukungu, mkojo kupungua, presha kushuka. Ile ya mapafu, baada ya siku nne mpaka kumi za homa, kikohozi kinaanza na pumzi inakuwa fupi, kuanzia hapo ni masaa sio siku, mapafu yanajaa maji.

Inachukua muda kujitokeza, ya figo kwa kawaida wiki moja au mbili, ya mapafu wiki moja mpaka nane. Kwahiyo homa ya leo inaweza kuwa ya stoo uliyosafisha mwezi uliopita, na hapo ndo watu wanasahau kumwambia daktari.

Nimeumwa homa, nimepima malaria hamna, wameniambia nina UTI na taifodi. Inaweza kuwa hanta?

Aisee. Hii ya "UTI na taifodi" ingekuwa inalipwa kodi tungekuwa mbali. Dodoma malaria ni ndogo ukilinganisha na Kigoma au Geita, kwahiyo homa nyingi hapa kipimo kinatoka hasi, halafu mgonjwa anapewa lile jina la pili na dozi ya antibayotiki. Mara nyingi anapona mwenyewe kwa sababu zilikuwa homa za virusi vya kawaida.

Uwezekano kwamba yako ni hanta ni mdogo sana. Lakini cha kufanya ni kimoja tu, mwambie daktari bila kuulizwa: "nilisafisha stoo yenye panya tarehe fulani" au "nabeba magunia sokoni" au "nililima kwenye tope la mpunga Bahi". Sentensi hiyo inabadilisha anachokifikiria. Ataangalia picha kamili ya damu, chembe sahani zikishuka sana ni alama, ataangalia kreatinini ya figo, protini kwenye mkojo, oksijeni kwa kile kidude cha kubana kidoleni. Kipimo chenyewe cha hanta cha kutafuta kingamwili au vinasaba hakipo kwenye dispensari wala duka la dawa, mtu akikuuzia "kipimo cha hanta" cha elfu kumi kakuibia. Sampuli kama hizo zinapitia hospitali kubwa na maabara za taifa.

Na kingine, ukiwa na homa ya namna hiyo usijichome diklofenaki dukani wala kumeza brufeni mfululizo. Zinaumiza figo, na kama figo ndo zinazoshambuliwa umezisaidia kufa. Panado na maji wakati unaenda hospitali.

Ina dawa? Chanjo?

Dawa ya kuua virusi vyenyewe kwa uhakika hamna. Ribavirini imesaidia kwenye ile ya figo ikianzwa mapema, kwenye ya mapafu haikuonyesha faida. Kinachookoa ni huduma, oksijeni, maji ya dripu kwa kipimo maana yakizidi yanaingia kwenye mapafu, kusafishwa figo, kwa nchi zenye uwezo kuna mashine ya kuitoa damu nje ikapewa oksijeni ikarudishwa. Kwahiyo kuwahi ndo dawa. Chanjo zipo Korea Kusini na China kwa aina za kwao, sisi hatuna na wala hatuzihitaji kwa sasa. Antibayotiki hazigusi virusi, ila daktari akikuanzishia doksisaiklini usimbishie, anawaza leptospira na yuko sahihi kuwaza hivyo.

Inaambukiza mtu kwa mtu? Jirani yangu kaacha kunisalimia

Msalimie wewe. Ni aina moja tu inayojulikana kupita kwa mtu, ya Andes, huko Argentina na Chile. Mwishoni mwa 2018 kwenye kijiji cha Epuyén, Argentina, mtu mmoja alienda kwenye sherehe ya kuzaliwa akiwa na homa, ikaishia watu 34 wameugua na 11 wamekufa. Aina nyingine zote zinaishia kwa yule aliyevuta vumbi.

Kuna voisi inasema mkojo wa panya kwenye kopo la soda unaua ndani ya siku tatu

Ile voisi ni ya zamani kuliko simu unayotumia, inabadilishwa jina la nchi tu. Makopo yanakaa kwenye stoo za panya, hiyo kweli. Osha kopo kwa maji na sabuni au mimina kwenye glasi. Basi.

Sisi makuli wa Kibaigwa tunavuta vumbi kila siku, tungekuwa tumeshakufa

Mnavuta vumbi la mahindi zaidi kuliko la panya, gunia linalotembea panya hakai. Cha kuangalia ni lile ghala la nyuma lililofungwa miezi minne. Siku ya kulifungua mwambieni mwenye mzigo milango yote iwe wazi nusu saa, sakafu na yale magunia ya chini ya chungu yanyunyiziwe kabla ya kuyavuta, na msilale mle ndani mchana kukwepa jua. Akikataa eti anachelewa, gari lisubiri.

Kule kusini wanakula panya. Na wenyewe je?

Akipikwa akaiva hana shida. Hatari iko kwenye kumchimba, kumchuna na kumpasua tumbo kwa mikono mitupu, hasa wakifanya watoto.

Geto letu panya wanapita usiku juu ya vyombo, landlodi hasikii

Vyombo vifunikwe au vigeuzwe, vioshwe asubuhi kabla ya kutumia hata kama jana mliosha. Unga, mchele na mkate kwenye ndoo yenye mfuniko, makombo yasilale. Nunueni stilwaya mbili na mtego mmoja mchangiane, landlodi mkimngoja mtahitimu kabla hajaja.

Nikiona dalili usiku nimpigie nani?

199, namba ya Wizara ya Afya, bure mitandao yote. Ila kama pumzi imeshakuwa fupi usipige simu kwanza, tafuta usafiri nenda hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa, utapiga ukiwa njiani.